Kinuristani si Lugha Moja: Jinsi ya Kutambua Lugha Unayoisikia na Kuiandika Sawasawa

Msomaji wa Kiswahili anapoianza Nuristan ana bahati moja: majina mawili ya eneo hilo anayaelewa bila kamusi. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, majirani Waislamu waliiita milima hiyo ya mashariki mwa Afghanistan Kafiristan, yaani nchi ya makafiri. Majira ya baridi ya 1895 kuingia 1896 majeshi ya Amir Abdur Rahman Khan yaliiteka, watu wakasilimishwa, na jina likabadilishwa kuwa Nuristan, nchi ya nuru. Majina yote mawili yalitoka nje. Wenyeji walijitambua kwa kabila na kwa bonde, na lugha zao mpaka leo zinafuata mabonde.

Kwa hiyo anayeandika kwenye fomu, kwenye makala au kwenye lebo ya rekodi kwamba mtu fulani "anazungumza Kinuristani" ametaja mkoa tu. Hata katiba ya Afghanistan ya 2004 iliteleza hapo: kifungu cha 16 kilihesabu "Kinuristani" kama lugha moja kando ya Kipashai, Kiuzbeki na nyinginezo. Lugha zenyewe ni tano, au sita ukiitenga Kizemiaki, na mtu wa bonde moja anaweza asiambulie kitu katika sentensi ya mtu wa bonde la pili. Madhara yake si ya kitaaluma pekee. Mkimbizi akitafutiwa mkalimani "wa Kinuristani" kutoka bonde lisilo lake, mahojiano yatahamia Kipashto au Kidari, na atakayeumia ni yule asiyezimudu vizuri, mara nyingi mama mtu mzima au mzee.

Yafuatayo ni kwa yeyote aliye na mzungumzaji mbele yake, au rekodi mkononi, na anataka kujua ni lugha ipi na aiandikeje.

Anza na bonde

Ukiuliza kwa Kipashto au Kidari "unazungumza lugha gani?", tarajia kujibiwa "Nuristani". Hilo ni jibu la kumpa mgeni. Uliza hivi badala yake, kwa mpangilio huu: Kijiji chako kinaitwaje? Mto upi unapita chini yake? Mto huo unashuka kuungana na upi? Watu wa kijiji chenu mnajiitaje ninyi wenyewe? Na mkiwa nyumbani, lugha yenu mnaiitaje? Jibu la mwisho liandike kama lilivyotamkwa, usilisahihishe kwa jina ulilolisoma mahali.

Katika jibu hilo utasikia mwishoni -vari, -viri, -veri au -ala. Vipande hivyo vinafanya kazi ya Ki- yetu, ila vinakaa nyuma: Kata-vari ni maneno ya Wakata, Kamviri ni maneno ya Wakom, Vasi-vari ni maneno ya Wavasi, yaani watu wa Prasun. Ndiyo maana "Kikata-vari" ni kuvaa kofia mbili. Andika Kikata au Kata-vari, chagua moja.

Sasa linganisha mto na ramani. Mashariki kabisa kuna mto Landai Sin, ambao vitabu vya zamani vinauita Bashgal. Sehemu yake ya juu, Bargi Matal, ni ya Wakata. Chini, Kamdesh, ni ya Wakom. Katikati wapo Wamumo wachache. Watatu hawa wanasema lahaja za lugha moja, ambayo wanaisimu wanaiita Kamkata-vari. Ila Wakata wapo pia mbali upande wa magharibi, katika mabonde ya Ktivi, Kulam na Ramgal, kwa hiyo neno "Kata" peke yake halikupi bonde.

Chemchemi za mto Pech ziko Parun, na huko, katika vijiji sita kuanzia Ishtewi juu hadi Pashki chini, ndiko kwenye Kiprasun. Mto Waigal unaingia Pech kutoka kaskazini. Watu wake wanajiita Kalasha na lugha yao Kalasha-ala, ingawa kwenye maandishi ya nje inaitwa Kiwaigali. Kati ya mito ya Pech na Alingar kuna Kiashkun, na Wama ni sehemu ya eneo hilo. Kitregami kiko mkoani Kunar, katika vijiji vitatu: Gambir, Katar na Devoz. Jina lenyewe linahesabu: tre ni tatu, gam ni kijiji. Kizemiaki, kilicho jirani zaidi na Kiwaigali, nacho kiko Kunar.

Ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Chitral nchini Pakistan, kuna vijiji vya Wakata kwenye ncha za juu za mabonde ya Bumburet na Rumbur, na vingine Gobor. Lugha yao huko mara nyingi huandikwa "Shekhani". Ukiliona jina hilo, elewa ni Kamkata-vari.

Usidhani kila mkazi wa mkoa wa Nuristan anasema lugha ya kundi hili. Wapo wenye Kipashai upande wa kusini-magharibi, na wapo wachungaji wa Kigujari. Wote hao wana lugha za tawi la Kihindi-Kiarya, lile la Kisanskriti na Kihindi.

Ukishapata bonde na jina, weka msimbo wa ISO 639-3, yaani herufi tatu za kimataifa za kutambulisha lugha, ili mtu mwingine asije akabahatisha: bsh kwa Kata-vari, xvi kwa Kamviri (lahaja hizi mbili zina misimbo tofauti), prn kwa Kiprasun, wbk kwa Kiwaigali, ask kwa Kiashkun, trm kwa Kitregami.

Mtego wa Kalasha

Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi, hasa kwenye picha. Chitral kuna Wakalash, katika mabonde ya Bumburet, Rumbur na Birir, ambao wengi wao wameshika dini yao ya kale, na wanawake wao wanavaa magauni meusi na vilemba vilivyoshonewa simbi. Lugha yao, Kalasha-mun, ni ya tawi la Kihindi-Kiarya. Hawa si Wakalasha wa Waigal. Jina linafanana, milima ni ileile, historia zao zimeingiliana, lakini lugha ni za matawi tofauti, na Waigal ni Waislamu tangu kizazi cha 1896. Makala kuhusu Nuristan yenye picha ya mwanamke wa simbi imepotea njia toka ukurasa wa kwanza.

Kama mtu amekwambia "Kalasha" tu, swali la mto linamaliza ubishi. Maji ya Waigal yanashuka Pech. Maji ya Bumburet, Rumbur na Birir yanashuka mto wa Chitral. Na kama una rekodi isiyo na maelezo yoyote, nenda kwenye hesabu.

Moja hadi kumi

Mwambie mzungumzaji ahesabu moja hadi kumi. Chukua mara mbili: kwanza mfululizo, halafu kwa kurukaruka, ukimwonyesha vijiti au vidole. Katika mfululizo namba huambukizana sauti na kiimbo, na ya mwisho hushuka kuliko ilivyo ikisimama peke yake. Rekodi ya kurukaruka ndiyo utakayoiandika.

Anza na kumi, kwa sababu ndani yake mna sababu ya lugha hizi kupewa tawi lao. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina daśa; Kiavesta, lugha ya kale ya upande wa Iran, kina dasa. Konsonanti ya katikati imekuwa aina ya sh upande wa India na s upande wa Iran. Kata-vari kinasema duc, na hiyo c isome ts: duts. Sauti hiyo ya ts ni hatua ya zamani ambayo wenzao wote wawili wameshaiacha. Ushahidi wa aina hii ndio uliomfanya Georg Morgenstierne, mwanaisimu wa Norway aliyefika Kabul mwaka 1924, aone kwamba lugha hizi haziingii vizuri katika Kihindi-Kiarya wala katika Kiirani. Ubishani juu ya mpaka kamili wa tawi haujazimika, lakini leo wengi wanalihesabu kuwa la tatu, kando ya hayo mawili.

Hata hivyo, usiitegemee kumi peke yake. Kiashkun kina dos na Kiwaigali kina doš, yenye sh mwishoni, wakati Kalasha-mun ya Chitral ina daš. Doš na daš, ukizisikia haraka kwenye simu, utazichanganya. Rudi kwenye moja: Kata-vari ev, Kiwaigali ew, Kalasha-mun ek. Ukisikia k, umetoka nje ya kundi.

Kipimo tunachokiamini zaidi ni tano. Kata-vari puč, Kiwaigali na Kiashkun zina puč au poč yenye irabu ya puani. Zote zinaishia na ch sighuna, isiyotetemesha nyuzi za sauti, na n ya zamani ama imemezwa na irabu ama imepotea kabisa. Majirani wameihifadhi n na wameifanya konsonanti inayofuata kuwa ghuna: Kidari panj, Kipashto pindzə. Ch safi mwishoni mwa tano ni dalili nzuri; nj au ndz ni dalili ya jirani, au ya namba iliyoazimwa.

Kuazima kupo, na sisi tunajua: sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu, wala hazikukifanya Kiswahili kuwa Kiarabu. Kijana aliyekulia Kabul anaweza kuhesabu mpaka nne kwa lugha ya nyumbani kisha akateleza kwenye Kidari bila kujua. Zikariri kwanza namba za kukamatia: saba ya Kidari ni haft na kumi ni dah, kumi ya Kipashto ni las. Ukizisikia, simamisha, omba arudie "kama anavyosema bibi yako".

Kiprasun kinahitaji sikio lake peke yake. Hapo mbili ni lü, tano ni uč, saba ni sete, nane ni aste, kumi ni leze. Anayekutana nacho mara ya kwanza huamua kwamba hakihusiani na wenzake. Kiweke kando ya Kata-vari uone: dü na lü, duc na leze. D ya mwanzo imegeuka l, mara zote mbili. Puč na uč: p imedondoka. Mabadiliko yana utaratibu. Ni mengi tu. Na angalia usiingie kwenye shimo lililo jirani: Kipashto nacho kimegeuza d kuwa l katika las, kwa hiyo leze na las zinaweza kukushawishi kwamba Kiprasun ni aina ya Kipashto. Kinachovunja dhana hiyo ni mbili: Kipashto kinasema dwa, d imebaki, Kiprasun kinasema lü.

Neno moja la ziada linalofaa kuulizwa ni panya. Kisanskriti na Kiajemi, baada ya u, vimeigeuza s ya asili kuwa aina ya sh: mūṣ, mūš. Lugha za Nuristan zimeiacha s palepale.

Sikio la Mswahili linapokosea

Kiswahili kimetuzoesha silabi zinazoishia na irabu. Matokeo yake ni kwamba tunasikia irabu hata pasipo na irabu. Sut, saba ya Kata-vari, inaandikwa "suti". Uṣṭ, nane, inakuwa "ushiti". Duc inakuwa "dutsi". Kosa hili linajirudia kwa waandishi wazuri kabisa, na dawa yake ni ya mitambo: fungua rekodi kwenye programu ya sauti, tazama wimbi mwishoni mwa neno. Irabu ni wimbi nene lenye mapigo ya kujirudia. T ya mwisho ni kimya kifupi na mpasuko mwembamba. Ukikuta kimya na mpasuko tu, futa irabu uliyoiongeza.

Kosa la pili ni kuzibana sauti sita ndani ya tatu. Sisi tuna s na sh. Lugha hizi zina s, š ambayo ni sh yetu, na ṣ ambayo ni sh ya ulimi uliopindwa. Upande wa pili tuna ch tu, nao wana c ya ts, č ya ch, na č̣ iliyopindwa. Kuipata ile ya kupindwa, tamka sh, halafu ukiendelea kuitoa hewa pandisha ncha ya ulimi na irudishe nyuma mpaka ikaribie, bila kugusa, pale paa la kinywa linapoanza kuinuka. Sauti inakuwa nzito, ya chini zaidi. Sita, ṣu, na nane, uṣṭ, ndizo za kufanyia mazoezi, kwa sababu kila rekodi inazo. T iliyo katika uṣṭ nayo imepindwa. Si t ya meno.

Usimuulize mzungumzaji "hii ni ṣ au š?". Tafuta maneno mawili yanayokaribiana, yatamke wewe, na umwache aseme lipi umelikosea. Mzungumzaji asiyewahi kwenda shule atakukosoa kwa usahihi kuliko mtaalamu.

Irabu za puani tunazisikia kama irabu na n. Kuzipima, mwombe mzungumzaji avute irabu kisha ajibane pua. Sauti ikibadilika, hewa ilikuwa inapita puani. Sasa sikiliza mwisho wake: kama ulimi haujagusa popote kabla ya konsonanti inayofuata, weka alama ya ~ juu ya irabu na usiandike n.

Mkazo nao usiuweke silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea. Utie alama kila neno, jinsi unavyousikia.

Ishirini ndio msingi

Hesabu za Nuristan hazipandi kwa makumi. Zinapanda kwa ishirini. Thelathini ni ishirini na kumi. Arobaini ni mbili-ishirini. Hamsini ni mbili-ishirini na kumi. Sitini ni tatu-ishirini. Mia ni tano-ishirini. Mtu akitaka 57 anasema mbili-ishirini na kumi na saba. Akitaka 99, nne-ishirini na kumi na tisa.

Hapa ndipo umri wa watu na idadi ya mbuzi huharibika kwenye tafsiri. Mkalimani anasikia "tatu" na "ishirini" akaandika 23 badala ya 60. Utaratibu wa kawaida ni kwamba kizidishi kinatangulia ishirini na kiongezo kinafuata, lakini usiliamini sikio lako mpaka ulithibitishe na mzungumzaji huyuhuyu. Chukua kokoto 60, zigawe mafungu matatu ya 20, mwombe ahesabu. Kisha weka fungu moja la 20 na kokoto 3 kando. Ukishakuwa na 23 na 60 kutoka kinywani mwake, huwezi kuzichanganya tena. Rekodi pia 20, 21, 30, 40, 50 na 100. Ikiwa mia imekuja kwa neno la Kidari au Kipashto, omba ahesabu mafungu matano ya 20 na usikilize upya.

Wapi: juu ya mto, chini ya mto, ng'ambo

Tunapofika hapa Kiswahili kinasaidia. Tunajua tofauti ya yupo, yuko na yumo, na tunajua ni vigumu kumweleza mgeni kwa nini moja inafaa na nyingine haifai. Sasa fikiria mfumo huo umekulia kwenye miteremko mikali, nyumba zimepangwa moja juu ya paa la nyingine, na mto unanguruma chini muda wote. Lugha za Nuristan zinatofautisha kwenda juu kufuata mto na kupanda mteremko, kushuka na mto na kushuka kuelekea mtoni, kuvuka ng'ambo, kwenda sawa bila kupanda wala kushuka, kuingia na kutoka. Katika Kiprasun mielekeo hiyo inabebwa ndani ya kitenzi kwa viambishi awali, kwa hiyo "njoo" bila mwelekeo ni neno lililokatwa mguu.

Ukiyauliza mambo haya chumbani, mezani, kwa kutumia kikombe na kitabu, utapata maneno matatu au manne na utadhani umemaliza. Meza haina mto. Kama uko bondeni, toka nje, simama pale unapoona maji. Kama uko mjini, tengeneza bonde: blanketi mbili zilizokunjwa ziwe miteremko inayotazamana, kamba ya buluu iwe mto, mwulize maji yanaelekea upande upi, na umwombe aweke viberiti vinne mahali nyumba zilipo. Halafu sogeza kijiti kimoja, ambaye ni mtu, na kila hatua uliza: amefanya nini? Kutoka nyumba moja, msogeze pande sita: juu ya mto, chini ya mto, kupanda, kushuka, ng'ambo, ndani. Rudia zote sita ukiwa umemweka msimulizi ng'ambo ya mto, kwa maana mahali alipo anayesema panaweza kubadili neno.

Andika mwelekeo wa maji kwenye karatasi ya kila kipindi. Bila hiyo, miezi sita baadaye hutaelewa maandishi yako mwenyewe.

Sentensi nne za wakati uliopita

Kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, na hilo halisumbui. Kinachosumbua ni wakati uliopita. Omba sentensi hizi nne, kwa mpangilio: mwanamume anakwenda, mwanamume alikwenda, mwanamume anaona mbuzi, mwanamume aliona mbuzi. Katika tatu za kwanza "mwanamume" ana umbo la kawaida. Katika ya nne mtendaji anahamia umbo la pili, lile la uhusika tegemezi, na kitenzi kinaanza kumtazama mbuzi badala ya mwanamume.

Kuhakikisha, badilisha mbuzi: beberu mmoja, mbuzi jike mmoja, mbuzi wengi. Nomino zina jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na mwisho wa kitenzi utayumba kumfuata mnyama wakati mwanamume hajabadilika. Anayeifahamu tabia hii hataandika "mzungumzaji amekosea upatanisho". Asiyeifahamu atajaza daftari masahihisho ambayo ni makosa yake.

Nani aulizwe nini

Kazi katika mabonde haya kwa desturi zimegawanywa: wanaume wanachunga mbuzi na kutengeneza jibini na samli, wanawake wanalima mashamba ya nafaka. Msamiati umegawanyika vilevile. Majina ya mbuzi kwa umri, rangi na pembe, pamoja na hatua za jibini, waulize wanaume. Maneno ya mifereji, kupalilia na mbegu wanayo wanawake, na kwa kuwa mwanamume mgeni hataruhusiwa kukaa nao, kazi hiyo ifanywe na mtafiti wa kike. Orodha iliyokusanywa na wanaume peke yao hutoka na maneno 40 ya mbuzi na matatu ya shamba, na msomaji akadhani ndivyo lugha ilivyo.

Neno "kafiri" lisitoke kinywani mwako, hata kama chanzo chako cha zamani kinalitumia kila ukurasa. Sawa na hilo, usifungue mazungumzo kwa kuuliza habari za miungu ya zamani kama Imra au Gish. Ni Waislamu, na swali hilo mbele za watu linasikika kama kumshuku mtu imani yake. Vilevile usiulize hadharani ukoo wa mtu kama ni wa mafundi, wale walioitwa bari; lilikuwa tabaka la chini, na aibu yake haijaisha.

Kurekodi na kuandika

Rekodi kwa WAV, 48 kHz na biti 24, kipaza sauti kikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isikigonge. MP3 inakata sauti za juu, na tofauti ya s, š na ṣ inaishi huko juu, ukishaikata hairudi. Kila neno mara tatu, kisha mara moja ndani ya sentensi fupi isiyobadilika.

Chagua mwandiko mmoja na usitoke nje yake. Kwa herufi za Kilatini zenye alama, č̣ inahitaji nukta ya chini iliyoongezwa, na kompyuta inaweza kuihifadhi kwa njia zaidi ya moja zinazoonekana sawa kwa macho. Ukitafuta neno halipatikani, kumbe lipo. Hifadhi maandishi yote kwa umbo la NFC la Unikodi, linaloipa kila herufi njia moja tu ya kuhifadhiwa, tangu siku ya kwanza.

Kama wasomaji wako ni wenyeji, herufi za Kiarabu ndizo wanazozisoma, na alfabeti ya Kipashto imeshatatua nusu ya kazi: څ kwa ts, ځ kwa dz, ټ na ډ kwa t na d zilizopindwa. Tahadhari iko kwenye ښ. Kwa Kipashto cha kusini inasomwa kama sh iliyopindwa, na unaweza kuiona inafaa kabisa kwa ṣ. Lakini mashariki, ambako ndiko Nuristan iliko, watu wengi wanaisoma kama kh. Ukiitumia, mwenyeji atalisoma neno lake mwenyewe kwa sauti ngeni. Mwoneshe kwanza ukurasa mmoja, asome kwa sauti, nawe usikilize.

Jina la faili liwe na msimbo, bonde, kijiji, tarehe na namba ya kipindi, kwa mfano prn_parun_pashki_20250412_03.wav. Jina la mzungumzaji lisiwemo. Liweke kwenye orodha tofauti iliyofungwa kwa nywila, pamoja na umri, kijiji cha mama yake na lugha nyingine anazozijua. Kijiji cha mama usikisahau: mama aliyeolewa kutoka bonde jingine huja na namba zake, na mtoto wake anaweza kukuhesabia duc leo na doš kesho, zote mbili kwa haki.